Nimelala Kwenye Nyumba ya Zamani Mji Mkongwe: Utulivu Wake Unatoka Wapi?

Sikilizeni kwanza. Sisemi kitu, sikilizeni tu.

Mmesikia nini? Njiwa. Na maji, kuna mtu anamwagilia mimea huko chini uani. Sasa nje ya mlango huu, hatua kama thelathini tu, kuna vespa, kuna wauza vikoi, kuna kijana anawaitia wageni "jambo jambo". Saa hizi ni saa tano asubuhi, saa yenyewe ya pirika. Humu ndani habari hiyo hakuna.

Haya, karibuni tena. Leo niko Unguja, Mji Mkongwe, vichochoro vya ndani, siyo upande wa bahari. Jina la hoteli sitalitaja, na najua mtanisumbua. Nimelipa mwenyewe, sikualikwa na mtu, na kuna mawili matatu nitayasema hapa ambayo sitaki yamharibie mtu riziki. Isitoshe, hoteli za namna hii mjini hapa ni nyingi, nyumba za zamani zilizogeuzwa. Nataka ukitoka hapa uweze kuikagua yoyote kabla hujatoa hela.

Tuanze mlangoni. Tazameni mlango huu. Mbao mbili, na katikati kuna huu mti uliochongwa, unaitwa mfaa. Juu umekunjwa upinde, umechongwa majani na maua. Milango ya zamani zaidi huku, ile ya mtindo wa Kiarabu, juu yake imenyooka. Upinde ni mkono wa mafundi wa Kihindi. Kwa hiyo kabla hujaambiwa chochote mlango umeshakuambia: hii ilikuwa nyumba ya mfanyabiashara, chini duka, juu familia. Na hizi njumu za shaba, misumari hii mikubwa iliyochomoza, utaambiwa na kila mtembeza wageni kwamba ni za kuzuia tembo. Tembo wa Unguja, jamani! Desturi imetoka Bara Hindi, huku ikabaki pambo.

Sasa njooni ukutani. Nauweka mkono dirishani muone unene. Shibiri, shibiri, shibiri… karibu shibiri tatu. Hii ni zaidi ya nusu mita. Ndani yake ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Ukigonga hivi, husikii kitu, ni kama unagonga gunia la mchele. Utulivu wote mliousikia mwanzo umetoka hapa. Hakuna dirisha la vioo viwili, hakuna sponji ya kuzuia sauti.

Na chumba mbona chembamba? Mtu aliwahi kuniuliza kwenye video ya Lamu. Angalia juu. Hizo ni boriti, mikoko. Mti wa mkoko haukupi urefu unaoutaka wewe, unakupa kama mita tatu hivi, basi. Kwa hiyo vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, ndivyo miti ilivyoamua. Usimlaumu mwenye hoteli kwamba amekubania nafasi. Mlaumu ukikuta amevunja ukuta wa kati ili apate chumba kikubwa cha picha. Hapo ghorofa ya juu inakaa juu ya nini?

Silisemi hili kwa mzaha. Mnakumbuka Beit al Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, pale Forodhani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ilianguka, tena wakati wa ukarabati, na watu walikufa. Nyumba hizi ni imara, lakini hazitaki papara.

Kidogo historia, halafu nirudi chumbani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mji huu zilitaifishwa, zikakaliwa na familia nyingi kwa pamoja, na matengenezo yakawa hayana mwenyewe. Paa likivuja, chokaa inalowa, boriti zinaoza, nyumba inashuka. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO wakauingiza mji kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Hoteli ndizo zilizoleta fedha za kuziinua baadhi. Pale Shangani, Serena imo ndani ya jengo lililokuwa la mawasiliano ya simu za nyaya za chini ya bahari. Jirani yake Mambo Msiige, lililowahi kuwa ubalozi wa Uingereza, sasa ni Park Hyatt. Na uwanja walioelekeana nao unaitwaje? Kelele. Watu wanalipia utulivu Uwanja wa Kelele! Mimi hilo huwa linanichekesha kila nikipita.

Haya, chumba. Usiku wa kwanza nilipewa kile cha juu kabisa, wanachokiita cha kifahari, shilingi 280,000 na chai ya asubuhi. Samadari, kitanda cha kizamani, safi, chandarua kipya, zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zimewekwa taa ndogo, nzuri sana. Ngazi hamsini na mbili, nimezihesabu nikiwa na begi, na ni za zamani, kila moja na kimo chake. Kama una mzazi mwenye magoti mabovu, omba chumba cha chini, usione haya.

Tatizo likaanza saa sita usiku. Pampu. Matangi ya maji yapo darini, nyuma ya ukuta wa kichwa cha kitanda, na kila mtu akifungua bomba huko chini, pampu inanguruma, nami naamka. Ukuta wa chumba hicho siyo wa zamani, umeongezwa juu kwa matofali ya saruji, mwembamba. Nikaenda kukaa kwenye ngazi saa nane ya usiku na kanga yangu, na pale kwenye ngazi, niamini, kulikuwa kimya kabisa.

Na ona hii. Huu ni ukuta wa bafu, upande wa chumbani. Napitisha kidole… unaona unga? Unadondoka. Hapa wamepiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Ukuta wa matumbawe una unyevu na una chumvi, unahitaji kupumua. Chokaa inauacha upumue. Saruji inauziba, maji yanatafuta pengine pa kutokea, yanatoka na chumvi, rangi inavimba kama ngozi iliyoungua. Ukipaka rangi mpya, miezi kadhaa inarudi pale pale. Kwa hiyo ukiingia chumba chochote cha namna hii, nenda nyuma ya kitanda na kando ya bafu, pitisha kidole. Picha za mtandaoni hazina kidole.

Asubuhi nikamkuta mzee mmoja wa matengenezo, ana ndoo ya chokaa uani. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, umelala?" Nikamwambia sikulala, nikamweleza pampu. Akacheka, akasema, "Chumba kile wanakipenda wageni kwa sababu ya bahari. Wewe nenda cha pili, upande wa ua. Na hicho kiyoyozi ukizime."

Nikahama. Cha ghorofa ya pili, bei imepungua shilingi 90,000 kuliko kile cha juu, dirisha linatazama uani, bahari huioni hata kidogo. Kiyoyozi nikazima, nikafungua dirisha la uani na lile dogo la juu upande wa kichochoro. Hewa ikapita. Ua ni bomba la hewa, joto linapanda juu na kutoka, baridi ya kichochoro inaingia kwa chini. Nililala mpaka adhana ya alfajiri. Adhana utaisikia, misikiti ni mingi hapa. Kama hilo litakukera, mji huu si wako, tafuta hoteli ya ufukweni.

Chai: mkate wa kumimina wenye iliki, maharage ya nazi, juisi ya bungo. Mayai yalikuwa ya kawaida. Huduma nzuri, dada wa mapokezi alinirudishia tofauti ya bei bila mabishano, tena kwa radhi.

Nitarudi? Ndiyo, chumba kile kile cha uani, na kanga yangu ya kujifunika. Cha juu wapeni wapiga picha. Nikitoka hapa naenda Forodhani kwa urojo, na kama una swali la nyumba fulani uliyoiona, niandikie hapo chini, niambie ukuta wa bafu ukoje.