Chati ya ukutani ya maji baridi duniani: nzuri, ila kwenye maziwa kuwa makini

Nimekaa na hii chati kwa muda wa kutosha, ile kubwa ya kukunjua yenye ramani ya dunia na michoro ya bluu pembeni, na kwa wanaouliza kama inafaa kwa wanafunzi jibu langu ni ndio inafaa, ila kuna sehemu mbili zimenikera na lazima nizitaje.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba wameanza na barafu. Michoro mingi ya maji inaanza na mito na maziwa kwa sababu ndo tunayoyaona kila siku, hii inaanza na Antaktika na wamefanya la maana sana. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni kama asilimia 2.5 tu ya maji yote duniani, alafu kwenye hiyo hiyo 2.5 karibu asilimia 69 imeganda, nyingi iko Antaktika, inafuata Greenland, barafu ya milimani ni kidogo mno. Na wamechora kwa uwiano wa kweli! Barafu ni zaidi ya kilomita za ujazo milioni 24, mito yote ya dunia kwa wakati mmoja imebeba kama 2,000 hivi, yaani Amazon, Kongo, Nile na mingine yote ukiiweka pamoja ni kijidoti ambacho usiposogea karibu hukioni. Hewa nayo wameikumbuka, mvuke na mawingu ni kama kilomita za ujazo 13,000, mara sita ya mito, na maji hayo yanakaa juu siku tisa tu kwa wastani kabla hayajashuka. Hiyo kona nimeirudia mara nyingi.

Sasa maji ya ardhini. Asilimia wameandika sawa, kama 30 ya maji baridi yote, na ukitoa barafu basi karibu maji baridi yote yaliyobaki yako chini ya miguu yetu. Lakini mchoro jamani! Wamechora kama ziwa kubwa lililojificha pangoni, wakati maji yenyewe yamo kwenye vinafasi kati ya chembe za mchanga na kwenye nyufa za miamba, kama sponji iliyolowa, na yanasogea taratibu sana. Mtoto akiona lile bluu atajua kazi ni kuchimba tu. Hakuna hata mstari mmoja unaosema mengine ni ya zamani mno, mfano yale yaliyo kwenye miamba ya mchanga ya Nubia, chini ya Misri, Libya, Sudan na Chad, mengi yaliingia huko maelfu ya miaka iliyopita Sahara ilipokuwa na mvua, na mvua ya leo hairudishi kinachovutwa. Kwangu hili ndo jambo zito kuliko yote kwenye somo zima la maji na wao wamelipita kimya.

Kwenye maziwa wamepanga kwa ukubwa wa eneo bila kina, kwa hiyo Victoria inaonekana kuipita Tanganyika mbali. Kwa eneo ni kweli, Victoria ni kilomita za mraba kama 68,800 na Tanganyika kama 32,900, lakini Victoria kina chake cha wastani ni mita 40 hivi na Tanganyika inashuka mpaka karibu mita 1,470, ndo maana imebeba maji karibu mara saba. Baikal kule Urusi imewekwa kama ziwa la kawaida tu, na ndiyo yenye kina kirefu kuliko yote, mita 1,642, peke yake ina kama moja ya tano ya maji baridi yote ya juu ya ardhi ambayo hayajaganda. Alafu Caspian wameipaka rangi ile ile ya maji baridi wakati ina chumvi, hilo ni kosa kabisa na wachapishaji walirekebishe.

Karatasi ni ngumu, haichaniki ovyo, ila inang'aa, ukiitundika mkabala na dirisha maandishi madogo hayasomeki. Mwalimu anayeinunua achukue na kalamu ya wino mzito, aandike kina pembeni ya kila ziwa na aikate Caspian kabla hajaitundika. Nyota nne kwa ajili ya ule mchoro wa barafu.