Kamusi ya Kiingereza ya Wanafunzi kwa Mtembeza Watalii: Uzoefu Wangu

Tangu nianze kazi ya kuwatembeza wageni katika mashamba ya viungo ya Kizimbani, hapa Unguja, natumia kamusi ya Kiingereza ya wanafunzi, ile nene ya jalada laini, niliyoinunua sokoni Darajani ikiwa imeshatumika. Wenzangu huniuliza kuna haja gani ya kubeba kitabu wakati simu ipo mfukoni. Ingekuwa natafuta maana za maneno tu, kwa kweli simu ingenitosha.

Ninachokifuata humo ni alama ya mkazo. Sisi wasemaji wa Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho bila ya kufikiri, na maneno yanayokwenda kinyume, kama "barabara" lenye maana ya sawasawa, ni machache. Kiingereza hakina kanuni moja ya namna hiyo, wala maandishi yake ya kawaida hayaoneshi mkazo ulipo. Chukua viungo vyetu wenyewe: "vanilla" hukazwa katikati, kama ambavyo tungelisema sisi, lakini "cinnamon", "cardamom" na "turmeric", ambayo nayo yana silabi tatu, yote hukazwa silabi ya mwanzo. Ukimtajia mgeni mdalasini kwa kukaza katikati, atakuomba urudie, hata ikiwa hukuacha herufi hata moja.

Katika kidahizo cha "cinnamon", yaani pale neno hilo linapoorodheshwa kamusini, matamshi yameandikwa /ˈsɪnəmən/. Kile kistari cha wima kilichotangulia ndicho mkazo, nacho huwekwa kabla ya silabi inayokazwa, ingawa zipo kamusi nyengine zinazokiweka baada yake. Tazama pia kwamba irabu mbili za mwisho, ambazo katika tahajia ni "a" na "o", zimepewa alama moja, ile "e" iliyopinduliwa. Hiyo ni irabu hafifu, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba tatizo la mkazo na tatizo la tahajia ni tatizo moja: irabu isiyokazwa mara nyingi hufifia, na maandishi hayakwambii. Aliyesoma juzuu katika chuo cha Kurani, herufi zikiwa zimetiwa alama za irabu za Kiarabu, yaani fat-ha, kasra na dhumma, atauzoea mfumo huu upesi kuliko anavyodhani. Simu nayo hulitamka neno, lakini hulitamka likapita, ilhali alama iliyochapwa unaweza kuikodolea macho mpaka ikukae.

Upungufu wake ni kwamba haielezi sababu. Inakuonesha kuwa "clove", yaani karafuu, haifanani kwa sauti na "glove" wala "move", na kuwa "s" ya "island" haitamkwi, kisha inanyamaza. Ilinibidi nisome kwengine kwamba "s" hiyo ilipachikwa na wasomi waliodhania asili ya neno hilo ni "insula" ya Kilatini, yaani kisiwa, na kwamba William Caxton alipoanzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476, tahajia ilianza kuganda huku irabu zenyewe zikiendelea kubadilika. Sisi ambao lahaja yetu ya Kiunguja ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu tumedekezwa na maandishi yanayosomeka kama yalivyo.

Jambo jengine linalowachanganya wanaoanza ni vialama vya juu ya herufi, kama katika "café" na "résumé". Vimekuja na maneno hayo kutoka Kifaransa, na vinahusu sauti ya irabu, si mkazo. Bila ya hivyo "résumé" huweza kusomwa kama "resume", kitenzi cha kuendelea tena na jambo. Kamusi ingepaswa kulieleza hili mwanzoni, nayo haikufanya hivyo.

Chapa yake ni ndogo mno kwa macho ya jioni, na mfuko wa sidii katika nakala yangu ulikuwa mtupu, jambo ambalo muuzaji hakulitaja. Hata hivyo ningeinunua tena. Anayeitaka aufungue kwanza ukurasa wa ufunguo wa alama za matamshi, na akiukuta umechanika, aiache hapo hapo hata akiuziwa kwa bei ya kutupa.