Boti ya kukodi Maidenhead, kupanda mto Thames mwezi wa tano

Walioko England hasa upande wa Slough na Reading, hii ni yenu. Mama kaja kututembelea kutoka Mto wa Mbu, karibu na Ziwa Manyara, basi tukakodi boti ndogo ya umeme Maidenhead, masaa manne pauni 180, tulikuwa watano, leseni hawaulizi unaendesha mwenyewe. Bei inauma kidogo lakini mkichangishana inaendeka.

Mwanzoni tu unapita chini ya daraja la reli la mhandisi Brunel, lile la matofali la mwaka 1839, matao mawili tu yanavuka mto mzima, watoto wakapiga ukelele mwangwi ukarudi, wakarudia weee mpaka bibi yao akawanyamazisha.

Halafu Boulter's Lock, loki yaani chumba chenye milango mtoni, kinajazwa maji kupandisha boti. Hapa ndo nawakata nyota moja wenye boti, maana yule kijana alitufundisha usukani na kwenda mbele na nyuma dakika tano akatuachia, habari ya loki hakugusia kabisa! Mlinzi wa loki ndo alituokoa: zima mota, kamba izungushe kwenye nguzo uishike mkononi, usiifunge, maana maji yakiingia boti inapanda na wewe.

Ukitoka hapo ni Cliveden Reach, na jamani hapo ndo pesa yako ilipo. Kama kilomita tatu hivi, kulia kilima kimesimama wima na msitu wa miti ya bichi umeshuka mpaka majini, majani ndo kwanza yametoka, jua likipenya yanang'aa kama yamelowa, na boti haina kelele unasikia ndege tu. Mama alinyamaza muda mrefu halafu akanyoosha kidole, "hawa si mabata wa kule ziwani kwetu?" Kweli, bata bukini wa Misri, na vifaranga nyuma, wale wale wa Manyara.

Tuligeuzia Cookham, muda uliisha kwa sababu ya foleni kwenye loki, ilikuwa sikukuu. Chukueni siku nzima mfike Marlow. Bebeni makoti, majini kuna baridi hata jua likiwaka, mkae upande wa kulia sio kushoto kama barabarani, na mvua ikiwa imenyesha sana ulizeni kwanza, ubao mwekundu kwenye loki maana yake mkondo una nguvu msiende.

Nyota nne. Jumamosi tunarudi, siku nzima, kabla mama hajapanda ndege.