TAHADHARI: Anayeuza "ukuta wa slipa za zege" hapa Dar, mwenzenu nimepigwa

Wakuu habari za saa hizi. Hii nilitaka nife nayo kimyakimya maana aibu, ila juzi nimeona jamaa kafungua ukurasa mwingine Instagram, jina jipya picha zilezile, na chini watu wameshaanza kuulizia bei.

Kiwanja changu kipo Goba, na wanaoijua Goba wanajua, ni mlima na bonde. Nyuma ya nyumba nilijaza udongo nipate sehemu tambarare ya kupaki gari, sasa udongo huo lazima uwe na ukuta wa kuushikilia, urefu mita 18, kwenda juu mita 1.6, na kule chini kuna mama jirani na banda lake la kuku. Fundi wangu wa siku zote alisema tujenge kwa mawe au tumwage zege la nondo, bei yake ikanikata maini, ndo nikaangukia kwa huyu wa mtandaoni. Anaziita slipa, mwanzo nikadhani kandambili, kumbe ni vipande virefu vya zege kama mataruma ya reli, vinapangwa kimoja juu ya kingine katikati ya nguzo. Video zake safi balaa, siku mbili kazi imekwisha. Jumla milioni 5 na laki 4, adivansi asilimia 70, nikamtumia 3,780,000 kwenye simu kama mtu aliyerogwa, tena jina lililotokea kwenye muamala siyo lililokuwa kwenye karatasi ya bei, akasema ni la mhasibu.

Nilimuomba usajili eti nijifanye mjanja, akanitumia cheti cha BRELA, wale wanaosajili biashara. Jamani cheti cha BRELA kinaonyesha tu jina la biashara limesajiliwa, muuza chipsi naye anaweza kuwa nacho. Mkandarasi anasajiliwa CRB (bodi ya makandarasi), injinia ERB (bodi ya wahandisi), na ukiuliza huko unajibiwa. Sikuuliza.

Siku mzigo unashushwa kuna dogo alibeba kipande kimoja begani huku anaongea na simu, na mimi nimesimama pale nachekelea vijana wana nguvu. Slipa halisi ya mita 2, upana sentimita 20 na unene 8, inakaribia kilo 80, hubebi peke yako unapiga stori. Zile za kwake zilikuwa na unene wa sentimita 4, yaani ni slabu za fensi zile zile tunazozungushia viwanja. Fensi inapambana na upepo na mbuzi tu, haijatengenezwa kusukumwa na udongo! Ukuta ulipoanguka tukapasua nguzo moja, nondo 4 za mm 12 alizoniandikia hazipo, mna viwaya viwili vya kufungia nondo.

Mashimo ndo usiseme. Alichimba sentimita 50 akasema zege litashika. Nina shemeji yangu yupo Brisbane, kule Australia kuta hizi zimejaa mitaani, nilipomtumia video za jamaa akacheka, akasema hii kazi ya huku shem, ona hata hizo nguzo ni za chuma zimepakwa zinki, huyo jamaa kazitoa wapi. Akaniambia kwao shimo la nguzo kwa kawaida linakaribia kimo cha ukuta wenyewe, wangu basi ni kama mita 1 na nusu chini, na jimbo lao la Queensland ukuta ukizidi mita 1 unatakiwa kibali. Kwa hiyo slipa zenyewe hazina kosa, ukizifanya sawasawa ni ukuta mzuri tu, huyu kachukua picha za kitu cha kweli akauza kingine.

Halafu maji. Hapa ndo ningependa mtu asome mara mbili. Nyuma ya ukuta kunatakiwa kokoto, chini yake bomba lenye matundu limefungwa kitambaa cha kuchuja udongo, bomba litokee nje maji yapate pa kwenda. Jamaa alifukia udongo ule ule wa mfinyanzi kachanganya na vifusi vya tofali, haraka haraka saa kumi na moja jioni, kesho yake hayupo. Jua likiwaka ukuta ulisimama vizuri tu, nikapiga na picha nikaweka status. Vuli ilipoanza katikati ukatunga tumbo kidogo, nikampigia, anasema bosi huo unajikaza. Wiki ya pili usiku wa mvua tukasikia kishindo, kuku 11 wa mama jirani wakaenda, nimewalipa na banda nimejenga. Mungu saidia watoto hawakuwa huko.

Injinia niliyemwita baadaye (ndio, baadaye) aliangalia dakika tano akauliza, maji yangetokea wapi? Akanielewesha na kitu kingine sikukijua, kimo cha ukuta kikiwa mara mbili msukumo wa udongo unakuwa mara nne, hapo bado hujaweka maji na hujaweka gari juu. Na mimi jamaa nilimwambia kabisa napaki gari hapo, akajibu "hata fuso."

Basi kama kuna mtu yupo naye saiti sasa hivi, usiruhusu afukie kabla hujaona kokoto na bomba kwa macho yako, shimo pima mwenyewe kwa futi, na chagua kipande wewe siyo yeye, kipige nyundo mbele yake kipasuke uone kilichomo ndani. Atakwambia utalipa hicho kipande. Lipa. Ukisikia "slabu hizi fensi sawa, udongo sawa, zote moja" basi ndo yeye huyo, na pesa iliyobaki usitume.

Mimi RB ya polisi ninayo, simu ya jamaa haipatikani, naanza upya kwa mawe na yule fundi wangu wa zamani ambaye hata hakunicheka. Slabu zilizopona mama jirani kaziomba, katandika njia ya kwenda bandani.