Msaada wa sheria wa bure Ntinda, Kampala, mafundi nendeni

Jamani hawa watu wanafanya kazi kweli. Kaka yangu alianguka saiti, mbao za kupandia ziliachia akiwa ghorofa ya pili, mguu ukavunjika, na foremani anamwambia eti ni uzembe wako hakuna fidia. Dada pale ofisini akafungua sheria ya fidia ya wafanyakazi akamsomea: hata kama fundi alizembea, mwajiri bado analipa! Ila taarifa ya ajali impate bosi ndani ya mwezi mmoja, kwa hiyo wakamwandikia bosi barua hapo hapo, nakala kwa afisa wa kazi wa wilaya. Hata hela ya fotokopi hawakuchukua. Foleni tu ndo ndefu, wahini asubuhi na mbebe karatasi za hospitali.