Bajeti ya Google Play, Daftari na Laini ya Pili: Nilivyofuatilia Fedha za Masanduku ya Bahati kwa Miezi Mitatu

Kwa miezi mitatu iliyopita nimekuwa nikitumia kipengele cha bajeti kilichomo ndani ya duka la Google Play, pamoja na daftari la kawaida na laini ya pili ya simu, ili nijue kwa hakika ni shilingi ngapi zinazotoka mfukoni mwangu kwenda kwenye masanduku ya bahati. Kwa msomaji asiyecheza michezo ya simu, sanduku la bahati ni kitu unachokilipia kabla hujajua ndani yake mna nini: katika mchezo wa mpira unaweza kumpata mshambuliaji uliyemtamani au beki ambaye tayari unaye, na katika mchezo wa mapigano unaweza kupata vazi linaloonewa wivu au rangi ya bunduki ambayo hutaitumia hata siku moja. Vijana wa hapa Kigoma hawasemi wanafungua sanduku, wanasema wanaspini. Mimi hucheza eFootball, na mpwa wangu wa miaka 14, ambaye ninaishi naye Mwanga, hucheza Free Fire.

Kuweka bajeti katika Google Play ni kazi ya dakika mbili. Unafungua duka, unagusa picha ya akaunti yako, unaingia katika sehemu ya malipo, kisha unafuata bajeti na historia na kuandika kiasi unachotaka kukitumia kwa mwezi. Mimi niliandika shilingi 15,000. Kuanzia hapo duka hukuonyesha umeshatumia kiasi gani na hukutahadharisha unapokikaribia kikomo, lakini halikuzuii kununua, na jambo hilo limeelezwa wazi katika maelekezo yake. Nalisema mapema kwa sababu mimi mwenyewe sikuyasoma maelekezo hayo. Mwezi wa kwanza niliamini nimejenga ukuta, kumbe nilikuwa nimebandika tangazo ukutani.

Kilichonifurahisha zaidi ni historia ya manunuzi. Kila ununuzi umeandikwa tarehe, jina la mchezo na kiasi kwa fedha halisi, si kwa koini, yaani fedha ya ndani ya mchezo, na hapo ndipo manufaa yalipo, kwa maana koini hupumbaza. Ukishabadilisha shilingi kuwa koini, akili huacha kuhesabu shilingi, na kwa kuwa koini huuzwa kwa mafungu ambayo mara nyingi hayalingani na bei ya unachokitaka, daima hubaki kidogo kinachokualika ununue tena ili kisikae bure. Historia hulivua jambo hilo nguo. Niliposhuka nayo hadi mwanzo wa mwaka niliona manunuzi manne ambayo sikuyakumbuka kabisa, na matatu kati yake yalifanyika usiku mmoja.

Kazi yangu ni kutunza hesabu za duka la vipuri vya injini za boti kule Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa hiyo mwisho wa mwezi wa kwanza nililinganisha kile kilichoonyeshwa na duka la simu na kile kilichoandikwa katika daftari langu, kama ninavyolinganisha stoo na risiti. Bajeti ya simu ilisema nimetumia 14,200, yaani nilikuwa ndani ya kikomo na sikuwa na la kujilaumu. Daftari lilisema 31,500.

Tofauti ya 17,300 haikuwa kosa la mashine. Bajeti ile huhesabu fedha inayopita katika mlango wake tu, na mimi nilikuwa na milango mingine mitatu. Shilingi 12,000 nilimpa kijana anayejaza koini na daimondi, ambazo ndizo koini za Free Fire, kwa watu akiwa kibandani kwake, ambaye hupokea fedha taslimu au kwa simu na kununua kwa njia zake. Shilingi 4,000 nilimnunulia mpwa wangu daimondi kwa kijana huyohuyo. Zilizobaki, 1,300, zilikuwa ada za kutuma fedha, ambazo hakuna mchezaji anayezihesabu kwa kuwa zinaonekana ni za simu na si za mchezo. Ninazihesabu. Kama nisingetaka kuspini, zisingetoka.

Kuhusu kibanda hicho nitasema machache bila kukitaja. Bei yake wakati mwingine ni nafuu na mwenyewe ni mchangamfu, lakini hatoi risiti, na siku moja daimondi za mpwa wangu zilichelewa hadi kesho yake jioni, muda ambao mtoto hakula vizuri wala hakulala vizuri. Zaidi ya yote, anakopesha. Mtu anayekufahamu kwa jina na anayesema "chukua tu kaka, utanipa ukipata" ni hatari kubwa kwa bajeti kuliko mchezo wenyewe, na nimelazimika kumwomba kwa heshima asinikopeshe tena hata nikimsihi.

Jambo la pili lililonisumbua ni la hapa kwetu, na huenda mtu wa Dar es Salaam asilielewe haraka. Bajeti ya duka la simu huanza upya kila mwezi wa kalenda, ilhali fedha ya Kibirizi inafuata mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali boti nyingi hupumzika, kwa sababu dagaa hawakusanyiki kwenye taa kama inavyotakiwa. Wakati wa giza duka letu huuza plagi, mikanda na mafuta ya injini kuanzia alfajiri, nami hupata kamisheni. Wakati wa mbalamwezi tunakaa tukipangusa vumbi kwenye makopo. Katika mwezi wa kwanza kikomo changu kilifunguliwa upya tarehe mosi, siku ambazo mauzo yalikuwa yamelala, nami nikajiona nina haki ya kutumia 15,000 kwa sababu simu ilikuwa imeniruhusu. Mwezi wa pili nikaanza kuhesabu kutoka giza hadi giza. Mzunguko huo ni wa siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo hautofautiani sana na kalenda kwa urefu, lakini unatofautiana kabisa kwa hali ya mfuko.

Hapo ndipo laini ya pili ilipoingia. Niliisajili kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, nikafungua pochi ya fedha na kadi yake ya mtandaoni, kisha nikaifuta kadi ya laini kuu kutoka kwenye akaunti yangu ya Google Play na kuweka hiyo mpya. Giza linapoanza na kamisheni ikaingia, ninahamishia huko shilingi 15,000 mara moja, ada ikiwa humohumo. Zikiisha, malipo hukataliwa. Hakuna onyo wala ushauri. Hakuna salio, basi. Nimeona kuwa kukataliwa huko kunanituliza kuliko tahadhari yoyote, kwa sababu kuongeza fedha kunanidai nitoe fedha kwenye laini kuu, iliyo katika simu nyingine, niandike namba ya siri na nisubiri ujumbe, na katika dakika hizo mbili tatu hamu huwa imeshapungua. Sikusema imekwisha. Mwezi wa pili nilivunja utaratibu mara moja, nikahamisha 5,000 zaidi usiku wa mwisho wa ofa iliyokuwa inafungwa, na daftari lina ushahidi.

Nanukuu mstari huo wa daftari kama ulivyo: "Saa 4:40 usiku. 5,000 pamoja na ada. Nilitaka kiungo mshambuliaji. Nimepata mabeki wawili, kipa mmoja, na winga ninaye tayari. Je, ningewanunua hawa kama wangekuwa mezani na bei zao? Hapana."

Swali hilo la mwisho ndilo safu bora ya daftari langu, nami ninampendekezea kila mtu hata asipotumia kitu kingine chochote katika haya. Safu nyingine muhimu ni ya saa. Nilipozisoma zile za miezi miwili kwa pamoja niligundua kuwa karibu manunuzi yangu yote yalifanyika baada ya saa tatu usiku, na kwamba siku ambazo nilifunga hesabu za duka na kushika fedha nyingi za watu wengine ndizo siku nilizotumia zangu kwa urahisi. Hakuna duka la programu litakalokuambia hivyo. Tangu hapo nimeweka sharti la nywila kwa kila ununuzi, na nywila yenyewe ameiweka dada yangu, ambaye hulala saa tatu.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tusiache bahati iamue tu. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatujui bahati hiyo ina ukubwa gani, ingawa siku hizi kuipata si vigumu: Apple iliwataka watengenezaji waonyeshe uwezekano wa kila aina ya kitu kabla ya mtu kununua tangu Desemba 2017, na Google Play nayo ina sharti kama hilo, kwa hiyo ndani ya mchezo tafuta sehemu yenye maelezo ya sanduku na usome asilimia. Kisha zitafsiri. Ukiambiwa kitu kina uwezekano wa asilimia 1 kila unapofungua, usidhani kwamba ukifungua mara 100 lazima ukipate; kati ya wachezaji 100 watakaofungua mara 100 kila mmoja, takriban 63 watakipata na 37 watatoka mikono mitupu baada ya gharama yote hiyo. Yapo pia masanduku ambayo kilichotoka hakirudi ndani. Chukua mfano wa sanduku lenye wachezaji 150, watatu kati yao wakiwa wale wanaotamaniwa: ukichomoa mara 10, una takriban nafasi 19 katika 100 ya kumpata hata mmoja wa hao watatu. Nilipolipigia hesabu hilo nyuma ya risiti ya plagi, nikiwa kaunta, mteja mmoja aliniuliza kama ninapanga mkopo.

Nchi nyingine zimelichukulia jambo hili kwa uzito. Ubelgiji, kupitia tume yake ya michezo ya kubahatisha, ilitamka mwaka 2018 kwamba masanduku ya kulipia katika baadhi ya michezo yanavunja sheria ya kamari, na Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza huko pointi za kununulia masanduku katika mchezo wake wa FIFA. Uholanzi iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 10, ingawa mahakama ya juu ya utawala iliifuta mwaka 2022. Hapa Tanzania mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubashiri katika duka la kamari, na mpwa wangu analijua hilo vizuri kwa sababu alishawahi kufukuzwa mlangoni alipokuwa amemfuata mtu. Kwenye simu hakuna wa kumfukuza.

Kwa ajili yake nilijaribu mpangilio wa familia wa Google Play, ambao humwezesha mzazi au mlezi kupokea ombi na kuliidhinisha kabla mtoto hajanunua. Unafanya kazi vizuri, mradi ununuzi unapitia mfumo wa malipo wa duka hilo. Nje ya hapo, kama kwa yule kijana wa kibandani, hauna nguvu. Kwa hiyo tulikubaliana kwa mdomo. Nilimpa kurasa zake katika daftari langu na kumwambia aandike mwenyewe kila daimondi iliyoingia na kilichotoka.

"Mjomba, na zile ulizonipa wewe bila mimi kuomba, niziandike upande wangu au wako?"

Sikuwa na jibu la haraka. Tumeziandika upande wangu.

Mwezi wa tatu, nikihesabu kwa giza, daftari lilifunga kwa 9,500, na bajeti ya simu ilionyesha kiasi kilekile pungufu ya ada tu, kwa mara ya kwanza. Nikitakiwa kutoa alama, bajeti ya Google Play naipa tatu kati ya tano: ni bure, historia yake ni safi, na kwa mtu ambaye fedha zake zote hupita katika mlango huo mmoja inaweza kumtosha. Laini ya pili naipa nne, nikipunguza moja kwa ajili ya foleni ya usajili na ada za kuhamisha.

Daftari ningelipa tano, lakini nimelazimika kulipunguza moja. Nililinunua Mwanga, kaunta buku la kwaya mbili lenye jalada gumu, na gundi ya mgongoni ilianza kuachia katika wiki ya sita, nadhani kwa sababu ya joto la dukani na mikono yenye mafuta ya injini. Kurasa za mwezi wa kwanza sasa nimezibana kwa pini. Unapokwenda kununua la kwako, lifungue katikati uangalie kama limeshonwa kwa uzi.