Filamu za Kifaransa za mapenzi na risasi: ununue ipi kwanza, na toleo lipi

Utamu wa filamu hizi uko machoni na masikioni kuliko kwenye hadithi. Taa za bluu usiku, metro ya Paris, besi la mtunzi wa muziki Eric Serra, stelingi asiye na maneno mengi na mwanamke anayemvuruga akili: hayo ndiyo unayolipia. Wahakiki wa Ufaransa waliupa mtindo huu wa miaka ya 80 jina la cinéma du look. Ukinunua kopi yenye chenga unabaki na kasoro tupu, maana hadithi zenyewe mara nyingi ni nyepesi.

Kabla ya kutoa hela, geuza kasha usome nyuma. Diski hufungwa zichezwe sehemu fulani ya dunia tu, na sehemu hiyo ndiyo kanda. Blu-ray za Ulaya ni za kanda B, na Afrika imo kanda hiyohiyo, kwa hiyo deki ya kawaida ya Dar es Salaam au Nairobi itazicheza. DVD ni habari nyingine: Ufaransa ni kanda 2, Tanzania, Kenya na Kongo ni kanda 5, na deki ambayo haijafunguliwa kanda itaikataa diski. Ukitumia kompyuta, kumbuka kiendeshi cha DVD hukuruhusu kubadili kanda mara 5 tu, kisha hubaki pale ulipoishia.

Lugha ndiyo inayowaumiza wanunuzi wengi. Diski nyingi za soko la Ufaransa zina maandishi ya chini ya skrini kwa Kifaransa peke yake, yaliyowekwa kwa ajili ya viziwi. Mtu wa Bujumbura au Lubumbashi hatapata shida. Wa Mombasa atafute toleo la Uingereza lenye maandishi ya Kiingereza, ambalo nalo ni kanda B. Usishtuke ukiona dakika zimepungua kwenye DVD ya Ulaya: inapitisha picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu ya dakika 117 huisha kwa 112 hivi bila kukatwa kitu. Ila sauti hupanda kidogo, na kwa filamu zinazobebwa na muziki hilo linasikika. Ndiyo maana tunasema Blu-ray kwanza.

1. Nikita (Luc Besson, 1990)

Anza na hii. Msichana mlevi wa dawa za kulevya anaua polisi, serikali inamgeuza muuaji wake. Tazama usiku wa siku yake ya kuzaliwa: Bob, afisa anayemsimamia, anampeleka kwenye mgahawa wa Le Train Bleu, stesheni ya Gare de Lyon, anampa zawadi iliyofungwa vizuri. Ndani ni bastola. Anaambiwa aue mtu wa meza ya jirani, kisha atoroke kwa dirisha la choo. Anafika chooni, dirisha limezibwa kwa matofali. Kuanzia hapo hadi jikoni, kila kitu kiko mahali pake: mwendo, sauti, hofu usoni mwa Anne Parillaud, aliyepata César, tuzo kubwa ya filamu ya Ufaransa, kwa kazi hii. Kasoro iko theluthi ya mwisho. Jean Reno anaingia kama msafishaji wa maiti, kazi ya ubalozini inaharibika ovyo, na mapenzi ya Nikita na Marco yanaachwa yakining'inia.

2. Diva (Jean-Jacques Beineix, 1981)

Tarishi wa posta anarekodi kwa siri mwimbaji wa opera asiyekubali kurekodiwa. Papo hapo kanda nyingine ya sauti yenye siri za mkubwa wa polisi inatumbukizwa kwenye mkoba wa pikipiki yake. Kufukuzana kwa pikipiki ndani ya metro bado hakujapitwa na wakati. Ilichukua César 4, zikiwemo za picha, muziki na sauti, na zote ni za haki. Kanda mbili zinachanganya kichwa mwanzoni, na maadui ni wa karatasi.

3. Léon (Besson, 1994)

Hapa toleo ni kila kitu. La sinema ni dakika 110, refu ni 133. Nunua fupi. Nyongeza inaonyesha Mathilda akifundishwa kazi na Léon, muuaji wa kukodiwa, lakini pia akimtaka kimapenzi, naye ni mtoto wa miaka 12. Hilo halina utetezi wa kisanii, na filamu inasimama vizuri zaidi bila hilo. Usikimbilie sauti ya Kifaransa: iliigizwa kwa Kiingereza, Kifaransa kimepachikwa.

4. 37°2 le matin (Beineix, 1986)

Kinyume chake: nunua refu, dakika 185, siyo 120. Fupi inamfanya Betty, mwanamke wa hadithi hii, aonekane amerukwa na akili ghafla. Refu inakupa dalili moja baada ya nyingine. Muziki wa Gabriel Yared ni mzuri ajabu. Hata hivyo uchungu wa mwanamke umepambwa mno ili upendeze macho ya mwanaume. Si ya kutazama na watoto sebuleni, inaanza na ngono.

5. Le Grand Bleu (Besson, 1988)

Bahari, wazamiaji, mapenzi yanayoshindwa na maji. Epuka toleo la Marekani: muziki wa Serra uliondolewa, mwisho ukabadilishwa.

6. Subway (Besson, 1985)

Mapambo ya Alexandre Trauner ni ya kuvutia, Isabelle Adjani pia, lakini hadithi inaishiwa pumzi nusu ya safari. Chukua DVD iliyotumika kwa bei ya chini, baada ya kukagua upande wa chini: ukiwa wa zambarau, imechomwa nyumbani, mrudishie muuzaji.